Pasteur: Asiyeipenda bia ndiye aliyewafunza wapikaji kuvifungia viini mlango

JINA la Louis Pasteur hupita mikononi mwetu kila asubuhi bila sisi kulitambua. Limejificha ndani ya neno linalochapishwa kwenye pakiti za maziwa, na wengi wanaoyanunua hawajui kwamba neno hilo lilitokana na mtu. Wanaomjua nao humkumbuka kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Ni wachache wanaokumbuka kuwa mwanasayansi huyo Mfaransa alitumia miaka kadhaa akichunguza bia, na wachache zaidi wajuao kwamba bia yenyewe hakuipenda.

Hata hivyo, yeyote anayepika bia nyumbani kwake leo, iwe Uingereza au Marekani ambako sheria inaruhusu, anafuata nyayo zake, ajue asijue. Kabla ya kumimina maji matamu ya kimea ndani ya pipa, mtu huyo huosha pipa, mpira, mwiko na kifuniko, kisha huvisuuza vyote kwa dawa ya kuua viini. Akishatia hamira, hulifunga pipa na kuchomeka juu ya kifuniko kijibomba kilichopindwa, chenye maji kidogo katika mpindo wake. Gesi inayotolewa na hamira hupenya maji hayo na kutoka kwa mapovu, lakini hewa ya nje, pamoja na vumbi lake, haipati njia ya kurudi ndani.

Ni mambo mawili madogo, na mpishi mvivu huyaona kama usumbufu tu. Lakini nyuma yake kuna ugomvi wa miaka mingi kuhusu swali moja. Je, kinachoharibu kinywaji huzaliwa ndani ya kinywaji chenyewe, au huingia kutoka nje? Pasteur alilijibu swali hilo, na jibu lake lilivuka pipa la bia likafika hadi kitandani mwa mgonjwa.

Alizaliwa Desemba 27, 1822 katika mji wa Dole, mashariki mwa Ufaransa. Babake, Jean-Joseph, alikuwa sajini katika jeshi la Napoleon wa Kwanza na akatunukiwa nishani kwa ushujaa wake. Vita vilipokwisha alirudi kwenye kazi ya kutengeneza ngozi. Louis alipokuwa bado mtoto mdogo, familia ilihamia Arbois, mji mdogo unaosifika kwa mvinyo, na huko ndiko alikokulia, katika harufu ya ngozi na zabibu.

Shuleni hakuwa wa kustaajabisha. Kipawa chake cha mapema kilikuwa uchoraji, na picha alizochora za wazazi wake na majirani zingali zimehifadhiwa. Mwaka wa 1838 alipelekwa Paris kusoma, lakini akalemewa na upweke hata ikabidi babake amfuate na kumrudisha nyumbani. Alipofanya mtihani wa shahada ya sayansi mwaka wa 1842, alama zake za kemia zilikuwa za wastani tu. Mwaka huohuo alifaulu kujiunga na chuo maarufu cha École Normale mjini Paris, lakini nafasi aliyoshika haikumridhisha. Akakataa kuingia, akarudia mtihani, na akajiunga mwaka wa 1843 akiwa na nafasi bora zaidi. Ukaidi huo ulimsaidia maisha yake yote, na mara nyingine uliwatesa waliokuwa karibu naye.

Ugunduzi wake wa kwanza ulikuja mwaka wa 1848, akiwa na umri wa miaka 25. Alichunguza chumvi za asidi inayopatikana katika masalio ya mapipa ya mvinyo, akaona kuwa fuwele zake zilikuwa za namna mbili zinazofanana kama mkono wa kushoto unavyofanana na wa kulia. Akazitenga moja moja kwa mkono. Kazi hiyo ilimpa sifa miongoni mwa wanakemia, na mwaka uliofuata, akiwa mwalimu katika chuo kikuu cha Strasbourg, akamwoa Marie Laurent, bintiye mkuu wa elimu wa eneo hilo. Marie aliandika maandishi ya mumewe kwa mkono wake, akamsikiliza usiku na kuvumilia ukimya wake. Wasifu mwingi wa Pasteur humtaja mama huyu kwa mstari mmoja tu, na hiyo si haki.

Mwaka wa 1854 aliteuliwa mkuu wa kitivo cha sayansi huko Lille, mji wa viwanda kaskazini mwa Ufaransa. Miaka miwili baadaye alijiwa na Bwana Bigo, ambaye mwanawe alikuwa mwanafunzi wake. Mfanyabiashara huyo alitengeneza pombe kali kutokana na bitiruti, ile mizizi itoayo sukari. Baadhi ya mapipa yake yalitoa pombe safi na mengine yakageuka kuwa machungu na kuteleza, ilhali yote yalipikwa kwa namna moja.

Pasteur alianza kwenda kiwandani na hadubini yake. Katika matone yaliyotoka mapipa mazuri aliona hamira, vijidude vya mviringo vilivyonona. Katika mapipa yaliyoharibika alikuta vitu vingine, vidogo zaidi, vilivyo kama vijiti. Kutokana na matembezi hayo alijua la kutafuta, na mnamo 1857 akachapisha makala kuhusu uchachukaji unaotia maziwa ukali. Alidai kwamba kila aina ya uchachukaji ina kiumbe chake hai. Hamira hutoa kileo, na vijiti hutoa uchungu.

Dai hilo linaonekana la kawaida kwetu leo. Wakati huo lilikuwa uasi. Mwanakemia mkubwa wa Ujerumani, Justus von Liebig, alifundisha kuwa hamira ni kitu kinachooza tu, na kuoza kwake ndiko kunakoitikisa sukari mpaka ivunjike. Pasteur hakuwa wa kwanza kumpinga. Takriban miaka 20 kabla yake, watafiti watatu akiwemo Mjerumani Theodor Schwann walikuwa wameona kuwa hamira ni kiumbe hai, na wakaambulia kejeli. Tofauti ni kwamba Pasteur hakukubali kunyamazishwa.

Alirudi Paris mwaka wa 1857 kusimamia masomo ya sayansi katika chuo chake cha zamani. Hakupewa maabara. Alijitafutia vyumba viwili chini ya paa la jengo, mahali pa joto kali wakati wa kiangazi, na humo akaanzisha majaribio yaliyomletea umaarufu mkubwa.

Mwanasayansi Félix-Archimède Pouchet wa mji wa Rouen alikuwa ametangaza kuwa viumbe vidogo huweza kuzuka vyenyewe katika supu au maji ya majani yaliyochemshwa. Kama Pouchet angekuwa na haki, basi usafi wa mpika bia ungekuwa bure, kwa kuwa adui angekuwa anazaliwa ndani ya pipa. Akademia ya Sayansi ya Ufaransa ikatangaza tuzo kwa atakayeleta nuru katika suala hilo.

Pasteur alichukua chupa za kioo, akatia ndani yake maji ya hamira yenye sukari, kisha akaipasha moto shingo ya kila chupa na kuivuta mpaka ikawa nyembamba na kupinda kama shingo ya bata maji. Akachemsha maji hayo hadi mvuke ukatoka kwenye ncha, kisha akayaacha yapoe. Ncha haikuzibwa. Hewa iliingia polepole kila chupa ilipopoa, lakini vumbi lilinaswa katika unyevu wa mpindo. Siku zikapita, kisha miezi, na maji yakabaki maangavu. Alipoivunja shingo, au alipoiinamisha chupa ili maji yaguse vumbi lililonaswa kisha yarudi, yalichafuka kwa muda mfupi.

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu watu wengi hulikosea somo la chupa hizi. Hewa iliingia, na haikuharibu chochote. Kilichoharibu ni kile kilichopanda juu ya hewa, yaani viini vilivyoshikamana na vumbi. Pasteur aliyaona hayo pia mnamo 1861 alipogundua kuwa hamira ikipewa hewa hukua kwa wingi lakini hutoa kileo kidogo, na ikinyimwa hewa hukua kwa shida lakini huivunja sukari nyingi. Ndiyo maana mpishi mjuzi wa leo huyatikisa maji ya kimea yaliyopoa ili yaingie hewa kabla ya kutia hamira, kisha baada ya hapo huifungia hewa mlango. Anayedhani kuwa hewa ni adui tangu mwanzo huishia kuwa na hamira dhaifu, na hamira dhaifu huwapa wavamizi nafasi.

Mwaka wa 1860 alibeba chupa zilizofungwa hadi milimani. Alifungua chupa 20 mashambani karibu na Arbois, kisha akazifunga tena, na 8 zikaharibika. Kati ya 20 alizofungua mlimani kwenye kimo cha mita 850, ziliharibika 5. Nyingine 20 alizifungua kwenye barafu ya Mer de Glace, katika safu ya milima ya Mont Blanc, kwenye kimo cha mita 2,000, na ikaharibika 1 pekee. Viini basi havikuwa vimetapakaa kwa usawa kila mahali. Penye vumbi la watu na mifugo vilikuwa vingi. Tuzo ya Akademia akaipata mwaka wa 1862.

Pouchet hakukubali. Alirudia majaribio milimani kwa kutumia maji ya majani makavu, na chupa zake zote zikachafuka. Wakuu wa Akademia walimwelemea Pasteur waziwazi, na Pouchet akajiondoa kwa hasira. Baadaye, katika miaka ya 1876 na 1877, ndipo Mjerumani Ferdinand Cohn na John Tyndall wa Uingereza walipoeleza kuwa katika majani makavu kuna bakteria wenye mbegu ngumu zinazostahimili maji yanayochemka. Pouchet alikosea kuhusu chanzo cha uhai, lakini chupa zake hazikusema uongo. Bahati ya wapika bia ni kwamba kileo, ukali na uchungu wa maua ya hopsi huzizuia mbegu hizo kukua. Kwa hivyo hawalazimiki kuua kila kiini kilichoko duniani. Inatosha kuvipunguza kiasi kwamba hamira, inayotiwa kwa wingi, iwahi kulitawala pipa.

Umaarufu ulipokua, kazi zilimfuata. Kaisari Napoleon wa Tatu alimwomba achunguze kwa nini mvinyo wa Ufaransa unaharibika safarini. Pasteur akaonyesha kuwa kuupasha moto kwa muda mfupi, kwenye nyuzi 50 hadi 60 hivi za selsiasi, kunatosha kuulinda, na mwaka wa 1865 akasajili hataza ya njia hiyo. Wengine ndio waliokuja kuitumia kwa maziwa. Kisha serikali ikampeleka kusini kuchunguza ugonjwa uliokuwa ukiwaangamiza nondo wa hariri.

Hiyo ilikuwa miaka ya msiba. Binti yake mkubwa, Jeanne, alikuwa amefariki mwaka wa 1859 kwa homa ya matumbo akiwa na umri wa miaka tisa. Mwaka wa 1865 alimzika babake, na katika mwaka huohuo akamzika Camille aliyekuwa na miaka miwili. Mwaka uliofuata homa ya matumbo ikamchukua Cécile, mwenye umri wa miaka 12. Watoto waliobaki walikuwa wawili. Mtu aliyekuwa akiandika kuhusu viini vinavyoharibu mvinyo alikuwa akiwazika watoto wake kwa maradhi ambayo wakati huo hakuna daktari aliyejua yaletwa na nini. Leo twajua kuwa mawili kati ya makaburi hayo yalichimbwa na bakteria.

Oktoba 1868, akiwa na umri wa miaka 45, alipatwa na kiharusi kilichoudhoofisha upande wake wote wa kushoto. Wengi walidhani amekwisha. Alipona kiasi cha kutembea kwa kuchechemea, lakini mkono wa kushoto haukurudia nguvu zake. Tangu hapo majaribio mengi aliyoyabuni yalitekelezwa na mikono ya wasaidizi wake.

Kisha vikaja vita. Mwaka wa 1870 Ufaransa ilipigana na Prusia na ikashindwa vibaya. Mwanawe wa kiume, Jean-Baptiste, alikuwa askari katika jeshi lililokuwa likirudi nyuma kwenye theluji. Januari 1871 Pasteur, pamoja na mkewe na bintiye, walisafiri kwa gari la farasi wakimtafuta kati ya askari waliojeruhiwa na kuganda kwa baridi, wakampata karibu na Pontarlier akiwa hai. Mwezi huohuo alikirudishia chuo kikuu cha Bonn shahada ya heshima kiliyokuwa kimempa. Hakutaka tena jina lake liwe katika orodha ya Wajerumani.

Bia ikaingia hapo. Wajerumani walisifika kwa bia yao iliyopikwa kwa ubaridi na kudumu muda mrefu, na Ufaransa ilikuwa imeupoteza mkoa wa Alsace pamoja na viwanda vyake vya bia. Pasteur aliamua kuwapiga maadui mahali hapo. Katika mwaka wa 1871, akiwa Clermont-Ferrand kwa mwanafunzi wake wa zamani Émile Duclaux, alianza kwenda katika kiwanda kidogo cha bia cha Kuhn, kijijini Chamalières. Mwezi Juni alisajili hataza. Alitaka bia itakayotengenezwa Ufaransa kwa njia yake iitwe bia ya kisasi cha taifa.

Ni sababu duni ya kuanzisha utafiti, na sioni haja ya kuipamba. Lakini chuki iliyomwingiza kiwandani haikuharibu macho yake. Alipochungulia katika hadubini aliyaona mambo yaleyale aliyoyaona kwa Bigo. Kila bia iliyoharibika ilikuwa na wakazi wageni kati ya chembe za hamira. Palikuwa na vijiti, nyuzi na punje zilizoungana kama shanga, na kila mgeni alikuja na ladha yake mbovu.

Kwa kuwa ulimi wake haukuweza kutofautisha bia nzuri na ya kawaida, ilibidi amtegemee rafikiye Bertin, mwanafizikia aliyeijua bia barabara. Inasimuliwa kuwa Bertin alionja, akacheka, na mara nyingi akamfanyia mzaha mwenzake.

Septemba 1871 Pasteur alivuka bahari hadi London na kuingia katika kiwanda kikubwa cha Whitbread. Aliomba kuona hamira iliyokuwa ikitumiwa kutengeneza bia nyeusi. Wakamwekea tone chini ya hadubini aliyokuja nayo. Baada ya kulitazama aliwaambia wenyeji wake kuwa hamira hiyo ina kasoro, na kwamba bila shaka wateja hawakuridhika. Mameneja walishangaa, kwa maana asubuhi hiyo hiyo walikuwa wameagiza hamira nyingine kutoka kwa wenzao. Mgeni asiyejua kuonja bia alikuwa ameitambua bia mbovu kwa kuitazama tu. Aliporudi kiwandani hapo kabla ya wiki kwisha, alikuta Whitbread wamekwisha kununua hadubini yao.

Aliendelea na majaribio Paris na katika kiwanda cha Tantonville huko Lorraine, na mwaka wa 1876 akachapisha kitabu chake kuhusu bia. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka London mwaka wa 1879. Kiini cha kitabu ni kwamba maji ya kimea yanapotoka jikoni yakichemka huwa hayana wavamizi, na wote watakaoonekana baadaye wameletwa na vyombo, hewa au hamira yenyewe. Desturi ya viwanda ilikuwa kuyamwaga maji hayo katika mabeseni mapana yaliyo wazi ili yapoe usiku kucha, na hapo vumbi la jengo zima liliangukia ndani. Pasteur alitaka yapozwe ndani ya chombo cha shaba kilichofunikwa, ambacho hewa yake hupita katika bomba lililopindwa au kuchujwa kwa pamba. Alieleza pia siri ya Wajerumani. Barafu yao iliwachelewesha wavamizi kuliko ilivyoichelewesha hamira.

Kijibomba cha maji kinachotumiwa na wapishi wa nyumbani si uvumbuzi wake, kwani watu walijua kuziba mitungi kwa maji kabla hajazaliwa. Alichokiongeza ni sababu. Ukiijua sababu, unajua pia udhaifu wa kifaa hicho. Pipa likipoa ghafla hufyonza maji ya kijibomba yaingie ndani, na ndiyo maana wajuzi hutia humo dawa au pombe kali badala ya maji ya bomba. Tena kijibomba hakiwezi kuliokoa pipa ambalo tayari limeingia viini kupitia ufa wa plastiki au mpira uliooshwa kwa haraka. Dawa nayo haifanyi kazi juu ya uchafu, kwani viini hujificha chini ya utando wa mabaki ya jana. Kwanza sugua, suuza, ndipo utie dawa.

Msomaji huenda akauliza mbona busaa na muratina zimepikwa vizazi na vizazi katika vyungu na vibuyu visivyojua dawa. Jibu ni kwamba pombe hizo hazikukusudiwa kuwekwa. Busaa hunywewa ikiwa ingali inachachuka, na ukali unaoletwa na bakteria ni sehemu ya ladha yake. Tunda la muratina nalo hukaushwa na kutunzwa likiwa limebeba hamira kutoka upishi mmoja hadi mwingine. Wazee hawakuwa na hadubini, lakini walijua tunda jema halitupwi. Bia ya viwandani ilikuwa na shida nyingine, kwa kuwa ilitakiwa kusafiri na kukaa kwa miezi bila kubadilika.

Mashine za Pasteur hazikupendwa sana na wapika bia. Zilikuwa na gharama, na ushauri wake mmoja ulikuwa na kasoro. Alipendekeza hamira isafishwe kwa asidi, akidhani kuwa ikiwa haina bakteria basi ni safi. Emil Christian Hansen, aliyefanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alionyesha mwaka wa 1883 kuwa hata hamira za mwituni huharibu bia, na asidi ile huzinufaisha. Hansen akaikuza hamira safi kutokana na chembe moja tu. Tajiri wa kiwanda hicho, J. C. Jacobsen, aliwagawia wapika bia wengine hamira hiyo, pamoja na siri yake. Jacobsen alikuwa akimheshimu sana Pasteur hata akaagiza sanamu yake ya marumaru iwekwe katika maabara.

Kwa hivyo kisasi cha taifa hakikutimia. Maarifa aliyoyakusudia Ufaransa yalienea Denmark, Uingereza na hata Ujerumani yenyewe. Jina la kisayansi la hamira inayotumika kutengeneza bia za aina ya lager, zikiwemo zile zinazojaa mezani hapa nchini, ni Saccharomyces pastorianus. Aliyelibuni kwa heshima ya Pasteur mwaka wa 1870, Max Reess, alikuwa Mjerumani.

Matunda makubwa yalionekana nje ya viwanda. Mwaka wa 1865 daktari Joseph Lister, aliyefanya kazi Glasgow, alisoma maandishi ya Pasteur kuhusu uchachukaji na kuoza. Akawaza kuwa kama viini vya hewani na vya vyombo huharibu mvinyo, yamkini ndivyo vinavyoozesha vidonda. Akaanza kuosha vidonda na vyombo vya upasuaji kwa asidi ya kaboliki, na wagonjwa ambao zamani wangekatwa miguu au kufa wakapona. Mwaka wa 1874 alimwandikia Pasteur barua ya kumshukuru. Pasteur mwenyewe aliwakaripia madaktari waliotoka chumba cha maiti kwenda kwa wazazi bila kunawa, jambo lililowaudhi, kwa kuwa hakuwa daktari. Nyumbani alikagua mkate kabla ya kula na kufuta glasi kabla ya kunywa, na hakupenda kupeana mikono.

Sehemu iliyobaki ya maisha yake inajulikana zaidi. Mwaka wa 1881, katika kijiji cha Pouilly-le-Fort, aliwachanja kondoo dhidi ya kimeta mbele ya umma, na waliochanjwa wakaishi huku wasiochanjwa wakifa. Daftari zake, ambazo familia ilizikabidhi kwa maktaba ya taifa mwaka wa 1964, zilionyesha kuwa chanjo iliyotumika siku hiyo iliandaliwa kwa kemikali, kwa njia iliyokaribiana na ya mshindani wake Henri Toussaint, wala si kwa hewa kama alivyowaacha watu waamini. Toussaint alifariki mwaka wa 1890 bila kupewa sifa aliyostahili. Kwa mtu aliyewataka wapika bia wasifiche kilichomo ndani ya mapipa yao, hilo ni doa.

Julai 6, 1885 mvulana wa miaka tisa kutoka Alsace, Joseph Meister, aliletwa kwake akiwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa. Alichanjwa, akapona. Michango ikamiminika kutoka nchi nyingi, na Taasisi ya Pasteur ikafunguliwa Paris Novemba 14, 1888. Alipotimiza miaka 70, Desemba 1892, sherehe kubwa ilifanywa katika chuo cha Sorbonne. Alikuwa amedhoofika hata hotuba yake ikasomwa na mwanawe. Lister alikuwepo, na wawili hao wakakumbatiana mbele ya halaiki.

Pasteur alifariki Septemba 28, 1895 huko Villeneuve-l'Étang, karibu na Paris. Serikali ilimzika kwa heshima za kitaifa, na mwaka uliofuata mwili wake ukahamishiwa katika chumba cha chini cha taasisi yake, ambako mkewe Marie alikuja kuzikwa karibu naye. Kuta za chumba hicho zimepambwa kwa vijiwe vya rangi. Kuna kondoo na mbwa, majani ya mforosadi kwa ajili ya nondo wa hariri, na mizabibu. Kati ya kazi zake zilizochongwa ukutani pamoja na miaka yake, uchunguzi wa bia umewekewa mwaka wa 1871, na maua ya hopsi yamechorwa yakitambaa juu ya kaburi la mtu ambaye, kwa ridhaa yake, asingeagiza glasi ya bia.